Chungu cha Vidole, Kutoka Ikombe Hadi Kyela

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile: eti ni kweli ulikamatwa? Wengine mmesikia nililala mahabusu. Wengine mmesikia niliongoza maandamano. Mmoja wenu, ambaye simtaji ila anajijua na tulifundisha naye miaka tisa, amesikia nimefariki. Basi naandika mara moja, niwajibu wote, kisha mniache nirudi kwenye kokoa yangu. Sikukamatwa na wala sikufa. Ila kuhusu msiba, hapo kuna ukweli kidogo, na mtauona mbele.

Mnanijua. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na kila mwaka nilipofika kwenye yale mabomu mawili yaliyoangushwa Japani, mtoto mmoja alinyoosha mkono. Sura zilibadilika lakini swali lilikuwa moja: "Mwalimu, mengine yako wapi?" Nilijibu kwamba yapo, yanatunzwa na wenyewe. Nilipostaafu nilikuwa nimelichoka jibu lile kuliko hata chaki. Kwa hiyo kikundi cha wanawake wa usharika wetu kilipoelezwa kwamba nchi yetu imetia saini mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, lakini bado Bunge halijauridhia, na kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuomba uridhiwe, niliyesimama wa kwanza nilikuwa mimi.

Ikombe, kabla ya kuondoka

Kwa wiki tatu nilizunguka na daftari nikiomba saini. Nilipata saba, na moja ni yangu mwenyewe. Zilikuwa siku zile baada ya uchaguzi, mnazikumbuka. Mtandao umezimwa, mafuta ya shida, watu wanashusha sauti wakiona gari wasilolijua. Nani aandike jina lake kwenye orodha siku kama hizo? Nilieleza kwamba bomu la nyuklia halina chama. Nilieleza kwamba nyuma ya milima ile ya ng'ambo ya ziwa, tunayoiona kukiwa hakuna ukungu, kunachimbwa madini ya urani. Wanasema ni ya umeme na mimi sina la kubishana, lakini mtu asituambie kwamba habari hii ni ya Wazungu peke yao. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakanipa ndizi, wakanisindikiza hadi njiani.

Aliyenipasulia ukweli ni Atupele, mfinyanzi wa Ikombe, rafiki yangu tangu tulipopata kipaimara pamoja. Alikuwa anakanda udongo na hakuinua hata macho.

"Mwalimu, hilo daftari lako linanuka polisi. Watu hawakatai neno lako, wanakataa orodha. Walete kwangu."

"Waje wafanye nini?"

"Wabonyeze udongo. Mwenye kidole atajua ni chake. Mwingine hana haja ya kujua."

Alifinyanga chungu kikubwa cha kuingia debe zima, akakifunika kwa majani mabichi ya mgomba ili kisikauke, na kwa siku mbili watu walikuja. Walikuja kwa miguu na kwa mitumbwi, kutoka Ikombe penyewe, Lyulilo na Matema. Kila mmoja aliniuliza maswali yake, na nilijibu mpaka sauti ikakauka, kisha akabonyeza kidole gumba. Mama mmoja alimshika mwanawe mchanga, akagusisha kisigino chake karibu na mdomo wa chungu. Alisema huyu ndiye atakayekaa duniani muda mrefu kuliko sisi wote. Chungu kilipotoka motoni, vidole vilikizunguka kutoka mdomoni hadi tumboni, na daftari langu nikawapa wajukuu wachoree.

Kazi iliyobaki ilikuwa kukifikisha. Kuna wakili mmoja wa Mbeya, dada Neema, anayekusanya maombi kama haya na kuyapeleka Dodoma. Alikuwa amenipigia kwamba Jumanne atakuwa Kyela, kwenye ukumbi wa kanisa, na kwamba saa sita mchana ataondoka, kwa sababu dereva wake alitaka kuingia Mbeya jua likiwa bado liko juu. Hatarudi tena kabla ya kikao cha Bunge. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: ama chungu kifike Kyela kizima kabla ya saa sita siku ya Jumanne, au vidole vya watu walioniamini vibaki kuwa mtungi wa maji. Magari yalikuwa hayaendi. Tukakubaliana kutembea.

Tulikuwa wanawake sita, na mimi niliweka masharti kama ninavyopenda kuweka. Hakuna bango. Hakuna kuimba. Ukitukanwa, unapita. Na hakuna nguo ya chama chochote, mtu asije akatuhesabia upande. Sharti hilo ndilo lilileta shida, maana baada ya kampeni nguo mpya katika kila nyumba ni kanga na fulana za wagombea. Nikaamua tuvae vitenge vyeusi, kwa sababu cheusi kila mama anacho. Nilijiona nina akili sana. Uamuzi huo muukumbuke.

Ikombe hadi Lyulilo, kwa mtumbwi

Jumamosi asubuhi ziwa lilichafuka, tukakaa ufukoni mpaka saa nne tukila usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga na mihogo. Kila mtu alikuwa na maoni kuhusu mahali pa kukaa chungu ndani ya mtumbwi. Mwishowe Atupele alikipakata mwenyewe, miguu ameikunja, na akatuambia atakayemsemesha kabla hatujafika atakiona cha moto. Hatukumsemesha.

Ilikuwa siku ya gulio Lyulilo, vyungu vimepangwa mchangani na wachuuzi wa bara wameshuka na mizigo yao. Kwa msiowahi kufika huko nieleze jambo moja. Siku hizi wengi wanatumia fedha, lakini wakongwe bado wanauziana kwa desturi ya zamani: bei ya chungu ni kile kinachokijaza. Unamimina nafaka yako ndani mpaka mdomoni. Mwenye chungu akinyamaza, biashara imekwisha, mchele ni wake na chungu ni chako.

Tuliweka mzigo wetu chini tupate kunywa maji. Nilipogeuka, mchuuzi mmoja wa Ipinda, baba mwenye kofia ya pama, alikuwa ameshafungua gunia na anamimina mchele ndani ya chungu chetu. Alikuwa ameshamimina sahani mbili. Atupele aliruka akamkamata kiganja.

"Tata, hiki hakiuzwi."

"Kimewekwa sokoni, na mimi nimeshaanza."

"Kimepumzika. Hata wewe ukikaa hapo chini haina maana kwamba unauzwa."

Watu walicheka, na mchuuzi akacheka pia, lakini Atupele hakucheka. Alikiinamisha chungu, akautoa mchele wote, halafu akaingiza mkono kutafuta punje zilizojificha chini. Nilimwambia tunachelewa, punje moja ina nini. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyekosa hesabu ya kujumlisha.

"Mchele wake ukibaki ndani, ni dai. Ukimrudishia wote, umemrudishia neno lake."

Mimi ni mtu wa vitabu na sikulitilia maanani. Tulimaliza maji tukaenda kulala Matema.

Matema hadi Mwaya

Jumapili tulianza kutembea alfajiri, sita mmoja nyuma ya mwingine, vitenge vyeusi, kimya, na mbele chungu kimefunikwa kitambaa cheupe kisipate vumbi. Tulibadilishana kukibeba kwa ngata moja ya majani makavu ya mgomba. Shingo yangu bado inanikumbusha.

Tulipofika Mto Lufilyo hapakuwa na mvushaji. Alikuwa kanisani. Tulikaa tukisikiliza mahubiri kwa mbali, na niwaambie, mchungaji yule hana haraka na wokovu wa mtu. Saa mbili nzima. Mvushaji alipofika, alitutazama, akavua kofia, akatuvusha bila kutaka chochote. Niliona ajabu kidogo, nikasema moyoni, ndugu huyu amebarikiwa kweli na ibada.

Baada ya hapo mambo yakawa mazuri mno. Wanaume walisimamisha baiskeli wakatupisha. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele uani aliacha ungo, akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga ya pili na kufuata nyuma yetu. Halafu wakafuata wawili. Halafu watano, mmoja ana kuni kichwani, mwingine mkungu wa ndizi. Hawakuuliza kitu. Waliinamisha vichwa na kutembea.

Nikuambieni ukweli, nilivimba kichwa. Niliwaza kwamba habari imetutangulia, kwamba yale niliyosema wiki tatu na daftari yameota mizizi mahali nisipopajua. Nilimnong'oneza Atupele, "Unaona? Watu wameelewa." Atupele alikuwa na chungu kichwani, hakuweza kugeuka kutazama, akasema tu kwamba mbona anasikia mtu analia.

Kweli kulikuwa na mtu analia.

Mwaya

Tuliingia kwa mwenyeji wetu, shemeji wa Atupele, tukiwa zaidi ya sitini. Kuni zilitupwa uani. Ndizi zikashushwa. Wanawake waliobeba mchele katika pindo za kanga walikaa chini, miguu wameinyoosha, kama inavyokaliwa. Ndipo akaja mbele bibi mmoja mfupi, mkavu, aliyetembea nasi kutoka karibu na mtoni. Aliitwa Bibi Tusajigwe. Alichutama akanisalimu, na mimi nikachutama.

"Mugonile."

"Ndaga, mama."

"Poleni sana, mwanangu. Sasa tuambieni, aliyefariki ni nani?"

Hapo ndipo nilipoona kile ambacho mtoto wa darasa la kwanza angekiona tangu Matema. Wanawake wamevaa nyeusi, wanatembea kimya kwa mstari, na mbele yao kitu kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Katika Kyela yote, hilo lina maana moja tu. Na kwetu mtu akiona msiba unapita haulizi kwanza ni wa nani. Anachukua alichonacho na kuufuata, majina yatajulikana huko huko. Nguo nilichagua mimi. Ukimya niliuamuru mimi.

"Mama," nikasema, "hakuna aliyefariki."

Aliyekuwa analia alinyamaza katikati. Baba mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba huu ni uchuro, kisha akanyanyua kuni zake begani akaondoka, na watu kama kumi wakamfuata. Sikuwalaumu. Bibi Tusajigwe hakuondoka, alikuwa amekasirika mno kuondoka.

"Gwe Mwalimu, nimeacha kokoa yangu juani haina mtu. Kuku wanaila sasa hivi. Nimekuja kumlilia nani?"

Nikafunua chungu. Nikaeleza vile vidole, na mkataba, na mabomu, maneno yaleyale niliyokuwa nimeyazoea. Niliona hayaingii. Niliongea habari za Bunge na mataifa, na wao walikuwa wananitazama kama watu waliotembea kilomita nyingi na kuni. Bibi Tusajigwe akanikatiza.

"Bomu hilo likianguka mahali, watu wanakufa wangapi?"

"Mji mzima, mama. Kwa mara moja."

"Na wanaozika ni nani?"

Miaka thelathini na moja ya kufundisha, na hilo sikuwahi kuulizwa. Nilijibu lile lililokuwa kweli.

"Hakuna, mama. Wa kuzika nao wamekwenda. Na majirani wakija, wanaugua kwa kuja."

Ninyi mnatujua sisi Wanyakyusa. Mtu anaweza kukosa harusi ya mwanawe na akasamehewa, lakini asiyefika msibani hana kwao. Mji mzima kufa bila mtu hata mmoja wa kukaa chini na kulia, na anayekuja kulia naye aadhibiwe kwa kuja, hilo lilikuwa jambo ambalo hakuna mtu pale aliyekuwa na mahali pa kuliweka. Bibi alipangusa macho kwa ncha ya kanga. Sauti yake ilipotoka ilikuwa kali kama mwanzo.

"Basi msiba wenyewe ndio huu. Tumeuwahi. Pikeni."

Wakapika. Mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, sufuria mbili kubwa, kwa kuni za msiba usio na maiti. Tukila, mama mmoja aliuliza na yeye abonyeze wapi. Ilibidi Atupele aseme kweli: chungu kimeshachomwa, hakipokei tena kidole. Niliona nyuso zinashuka, na iliniuma. Bibi Tusajigwe alikipapasa chungu kwa kiganja, akapitisha kidole mdomoni mwake.

"Kinauzwa?"

"Hakiuzwi, mama," Atupele akajibu.

Bibi akarudi kukaa. Alifunga vizuri mchele wake katika pindo la kanga, ule alioletea wafiwa, na asubuhi yake alikuwa wa kwanza barabarani.

Mwaya hadi Ipinda

Jumatatu tulikuwa kama themanini. Wengine walikuja na wenzao, wameeleza wenyewe, na walieleza vizuri kuliko mimi. Sikuthubutu kuwakataza. Nilijua kundi kubwa ni hatari siku zile, lakini utamwambiaje mtu arudi nyumbani baada ya kuacha kokoa yake kwa kuku?

Karibu na Ipinda gari la polisi lilikuwa limesimama kando. Akashuka kijana mmoja, askari, na wenzake wawili wakabaki ndani. Alituhesabu kwa macho akaacha njiani.

"Mnakwenda wapi watu wote hawa?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mwanamume nyuma yangu ikasema, "Tunakwenda msibani, afande."

Askari akavua kofia. Akasogea kando atupishe. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kutembea, na watu themanini wangepita salama, na chungu kingelala Ipinda. Atupele alinitazama. Nilijua nikisema kweli ninaweza kuwapeleka wote kituoni. Nilijua pia kwamba nimeshawaita watu msibani mara moja bila kukusudia, na nikifanya mara ya pili kwa kukusudia, kile chungu kitakuwa kimebeba uongo hadi Dodoma.

"Afande," nikasema, "hakuna maiti. Tunapeleka ombi Kyela, kwa amani."

Akavaa kofia. "Mama, mnanidanganya au mnanitania?"

Nikamwonyesha chungu. Alikizunguka. Aliingiza mkono ndani akapapasa, akautoa mtupu.

"Majina yako wapi?"

"Hakuna majina."

"Kinasema nini kuhusu serikali?"

"Kinaiomba imalize kazi iliyoianza yenyewe. Saini imeshatiwa."

Alikwenda garini akajaribu redio, haikujibiwa. Akajaribu simu, haikupokelewa. Akatuamuru tukae, tukakaa kwenye majani kando ya barabara, miguu tumeinyoosha, na tukakaa hivyo zaidi ya saa mbili. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyejibu vibaya. Watu walimenya ndizi mbivu wakagawana, na Bibi Tusajigwe akampelekea askari mbili. Alikataa. Bibi akabaki amesimama mbele yake nazo mkononi.

"Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

"Tulimzika mwaka jana, Busokelo."

"Pole. Watu walikuja?"

Kijana alizitazama zile ndizi. "Walijaa, bibi. Tulikosa hata pa kuwaweka."

"Sisi tunaomba hivyo tu," bibi akasema. "Watu wazidi kuja." Akamwekea ndizi juu ya boneti ya gari akarudi kukaa.

Sijui kama ni maneno yale au ni redio iliyokataa kujibu. Alikuja akasimama mbele yangu, akaongea akitazama barabara.

"Mimi nimeagizwa nizuie mikusanyiko. Watu wanne si mkusanyiko. Kesho nikipita barabara hii sitaki kuona zaidi ya wanne pamoja."

"Ndaga fijo, afande," nikamshukuru, na nikamaanisha. Gari lilipoondoka, ndizi hazikuwepo kwenye boneti.

Ipinda hadi Kyela

Jumanne tulianza na wanne wa kwanza: mimi, Atupele, na wenzetu wawili wa Ikombe, na chungu. Nguzo tano za umeme nyuma yetu, wanne wengine. Nguzo tano tena, wanne wengine. Askari alitaka kutupunguza na ametuongeza, maana mstari ambao ungepita kijiji kwa dakika tano sasa ulichukua zaidi ya saa nzima kupita. Mtu aliyekuwa analima mpunga aliona wanne, akarudi kulima, akainua kichwa akaona wanne. Kufikia kundi la sita au la saba aliacha jembe akaja barabarani kuuliza, na waliokuwa mbele yake wakamjibu. Kila kundi lilijibu kwa namna yake. Mimi sikuwa nasikia, nilikuwa mbele, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifurahi kwamba somo linafundishwa bila mimi.

Ndala ya Atupele ilikatika mara mbili. Jua lilipanda. Nilikuwa natazama saa kila nguzo, na nadhani niliwachosha wenzangu. Tuliingia uwanja wa kanisa Kyela saa sita kasoro dakika kumi. Wakili Neema alikuwa amesimama kwenye ngazi, gari linanguruma. Aliposhika chungu na kuona vile vidole, na kile kisigino, machozi yalimlengalenga.

"Mwalimu, mmefika. Tukipakie, twende."

"Subiri, dada. Kuna watu nyuma."

"Wangapi?"

"Kama sabini na kitu. Wanakuja wannewanne."

Dereva akapiga honi. Neema akaniambia kwa upole kwamba ombi limeshafika, kwamba anawashukuru wote, kwamba njia ni ndefu na siku zenyewe tunazijua. Alikuwa sahihi kabisa. Wale wa Mwaya waliokuwa nyuma hawakuwa na kidole hata kimoja kwenye chungu kile. Wangefika, wangekuta uwanja mtupu, wangerudi Mwaya kwa miguu.

Kundi la pili likaingia. Bibi Tusajigwe alikuwa mbele. Hakumsalimu mtu. Alipanda zile ngazi, akafungua pindo la kanga, akamimina mchele wake ndani ya chungu.

Nikamtazama Atupele. Ni yuleyule aliyemkamata mchuuzi kiganja Lyulilo, aliyetafuta hadi punje ya mwisho. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye chungu, ndala iliyokatika mkononi. Alikunja mikono kifuani na kunyamaza.

Nikaelewa.

"Wakili," nikasema, "chungu hakiwezi kuondoka sasa. Kinanunuliwa."

Nilimweleza desturi yetu huku kundi la tatu linaingia. Neema ni mtoto wa Mbeya, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimwendea dereva akazima gari mwenyewe, akaja kukaa kwenye ngazi kando ya chungu. Na wakaja, wannewanne. Kila mmoja alimimina alichonacho, konzi moja, konzi mbili, mwenye pindo zima pindo zima, mchele wa msiba ambao haukupata wafiwa. Baadhi walikuwa wamejiunga njiani asubuhi ileile, wametoka shambani na tope miguuni. Kundi la mwisho liliingia saa saba kasoro, na mchele ulikuwa umefika mdomoni, umefikia usawa wa kile kisigino cha mtoto. Muda wote ule Atupele hakusema neno. Nimejivunia mambo kadhaa maishani, watoto wangu, wanafunzi wangu, lakini sijawahi kujivunia watu kama nilivyojivunia wale siku ile.

Wakili na dereva walijaribu kukinyanyua wakakirudisha chini. Neema akasema kitapasuka kwa uzito, afadhali mchele uwekwe kwenye mfuko na chungu kisafiri kitupu. Bibi Tusajigwe alikuwa ameshakaa kivulini anapangusa miguu. Hakuinuka.

"Ukimwaga, umekirudisha."

Neema alimtazama yeye, akamtazama Atupele, kisha akaingia kiti cha mbele. Tukakinyanyua wanne, tukamwekea mapajani, na dereva akawafunga mkanda wote wawili, wakili na chungu. Gari liliondoka saa saba na robo.

Nyumbani

Mtandao uliporudi, picha ilikuja. Chungu chetu kiko juu ya meza Dodoma, kimejaa. Neema ameandika kwamba karani mmoja alitaka kuumwaga mchele ili kikae vizuri, na yeye akamweleza kwa nini haumwagwi. Karani akauacha. Mkataba bado haujaridhiwa. Wameahidi kuujadili, na ninajua maana ya kuahidi, kwa hiyo msinicheke.

Wiki iliyopita Bibi Tusajigwe alikuja nyumbani kwangu Matema kunitafuta, peke yake, na mfuko wa kokoa aliyoiokoa kwa kuku. Nilimwonyesha picha. Aliishika simu mbali, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndicho chenyewe. Chetu."

"Ndicho, mama. Ila mkataba bado hawajauridhia."

"Mwambie wakili aangalie mchele," akasema, akanirudishia simu. "Ukiingia wadudu atuambie. Tutakwenda tena na mwingine."